Mnyanya Unachanua Lakini Hauzai: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mtu mwenye miche mitano au ishirini uani, si ya mwenye ekari za nyanya kule Ilula, Iringa. Mimi nalima Dar es Salaam kwenye udongo wa kichanga, na msimu wangu wa kwanza nilivuna majani matupu. Nilisia mbegu Novemba, maua yakaja Januari, yakapukutika yote. Nikaongeza mbolea ya kuku. Yakaja mengi zaidi, yakapukutika mengi zaidi. Karibu kila swali hapa chini nimeulizwa na jirani, ndugu au mtu aliyechungulia ukuta akaona nyanya zimening'inia, na mengine nilijiuliza mwenyewe mwaka ule wa majani.

Mnyanya wangu umejaa maua lakini yote yanaanguka. Nianzie wapi?

Anzia kwenye shuka lako. Kama usiku unalala bila kujifunika na feni inazunguka mpaka alfajiri, basi mnyanya nao uko kwenye shida hiyo hiyo, isipokuwa wenyewe hauna feni. Mnyanya hushika matunda vizuri pale joto la usiku linapokuwa kati ya nyuzi 15 na 20 za Selsiasi. Likipita 21 idadi ya maua yanayoshika huanza kupungua, na kwenye 24 au 25 aina nyingi za kawaida huangusha maua karibu yote. Mchana nao ukizidi nyuzi 32 mara kwa mara, hali huwa mbaya zaidi.

Sasa linganisha na hali ya hewa ya kwetu. Dar es Salaam, Januari na Februari, usiku haushuki sana chini ya nyuzi 25. Julai unashuka mpaka kwenye 18 hivi. Udongo ni ule ule, mbegu ni ile ile, mkono ni ule ule, lakini wa Januari anaambulia majani na wa Julai anagawa nyanya kwa majirani. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote dukani, jiulize maua yako yamefunguka mwezi gani. Ukishaondoa joto la usiku kwenye orodha, ndipo uwaangalie watuhumiwa wengine kwa mpangilio huu: mbolea iliyozidi, kivuli, maji yasiyo na utaratibu, ua kukosa kutikiswa, halafu wadudu na magonjwa. Watu wengi huanza na wadudu, na kabla ya jioni wameshapuliza dawa isiyohitajika.

Kwa nini usiku, wakati jua kali ni la mchana?

Mchana mmea unatengeneza sukari kwa jua. Usiku unaitumia, na usiku wa joto unaitumia kwa fujo, kama mtu anayetafuna mshahara wote kabla ya tarehe 10. Kinachobaki hakitoshi kulisha maua yote, kwa hiyo mmea unayaachia.

Lakini kuna jambo la pili, na hilo unaweza kuliona kwa macho yako. Chavua, ule unga wa manjano wa ua, hutengenezwa ndani ya kichomozo siku nyingi kabla ua halijafunguka. Joto kali la wiki moja au mbili kabla ya kufunguka linatosha kuiharibu, hata kama siku ya kuchanua yenyewe kuna upepo mzuri wa bahari. Ndiyo maana mtu huniambia, "Mbona wiki hii kuna baridi na bado yanaanguka?" Yanayoanguka wiki hii yalishapikwa wiki mbili zilizopita. Subiri, yale yanayochomoza sasa ndiyo yatakayoshika.

Chuma ua moja lililofunguka ulitazame kwa karibu. Katikati utaona koni ya manjano, kama mdomo wa ndege. Hiyo ndiyo sehemu ya kiume, na ndani yake umejificha mlija mwembamba wa kijani, ambao ndio sehemu ya kike. Katika hali nzuri mlija huo unaishia ndani ya koni au unalingana nayo, hivyo chavua inapodondoka haina pa kwenda ila kwake. Joto likizidi, mlija hurefuka ukachomoza nje ya koni kama uzi uliotoka kwenye tundu la sindano. Chavua inadondoka, na mlija hauko pale. Ukiona maua mengi yenye kijiuzi cha kijani kimetoka nje, tatizo lako ni joto, na hakuna mbolea itakayokirudisha ndani.

Basi nisie mbegu lini?

Kwa Pwani, yaani Dar, Tanga, Bagamoyo, Mtwara, Mombasa na Unguja (wenyewe wanaita tungule, lakini adha ni ile ile), lenga maua yafunguke wakati wa kipupwe, Juni mpaka Agosti, upepo wa kusi ukiwa umeshika. Hesabu kurudi nyuma. Mche hukaa kitaluni wiki 4 hivi. Ukishahamishwa, maua ya kwanza huja baada ya wiki 4 mpaka 6. Mimi husia karibu na tarehe 10 Aprili, nahamisha wiki ya pili ya Mei, na maua hunikuta katikati ya Juni. Kutoka ua mpaka nyanya kuiva ni siku 45 hadi 60, kwa hiyo Agosti nakula.

Ugumu wake ni kwamba kitalu kinaangukia ndani ya masika. Mvua kubwa inalaza miche na kuleta ukungu. Weka kitalu chako kwenye trei au makopo chini ya ukingo wa bati, mahali pa mwanga mwingi ila pasipopigwa na mvua moja kwa moja. Ukisubiri masika yaishe kabisa ndipo usie, maua yatakukuta Agosti mwishoni, na duru za mwisho zitaingia Oktoba joto likirudi. Utapata nyanya, ila nusu ya ambazo ungepata.

Nyanda za juu hesabu inageuka. Nairobi, Lushoto, Njombe na miteremko ya Meru tatizo la Juni na Julai ni baridi. Usiku wa Nairobi mwezi Julai hushuka mpaka nyuzi 11 au 12, na chini ya 13 chavua haifanyi kazi ipasavyo. Nyanya hazishiki, au zinashika zikiwa na makovu na maumbo ya ajabu. Huko afadhali maua yaje Septemba na kuendelea.

Nimeshachelewa. Ni Januari, niko Kigamboni, mimea imefika kiunoni. Ning'oe?

Usiing'oe kwa hasira. Kama ni aina ndefu, ile inayoendelea kurefuka na kutoa maua miezi mingi, inaweza kuvushwa. Ipe kivuli kuanzia saa saba mchana mpaka saa kumi, kwa neti ya kivuli inayopunguza mwanga kama theluthi moja tu, au hata kwa kanga kuukuu iliyofungwa kwenye fito upande wa magharibi. Tandaza majani makavu au pumba shinani, unene wa vidole vinne. Mwagilia asubuhi mpaka maji yafike chini. Na kata matawi ya chini yaliyozeeka.

Hutapata mavuno, utapata mmea ulio hai. Kama ni aina fupi, ile inayotoa maua yake karibu yote kwa mpigo halafu ikaacha, kusema kweli imeshapoteza nafasi yake. Ng'oa, panda mchicha au bamia, na urudi kwenye nyanya Aprili. Bilinganya na nyanya chungu ni ndugu wa mnyanya lakini zinavumilia joto kuliko wenyewe. Shamba halilazimiki kukaa tupu.

Naweka mbolea ya kuku kila wiki mbili, mmea umenawiri kama mpapai. Kwa nini hauzai?

Kwa sababu hiyo hiyo. Mbolea ya kuku ina naitrojeni nyingi, na naitrojeni ni chakula cha majani. Mmea uliopewa naitrojeni bila kipimo hauna haraka ya kuzaa. Unakua tu, kama kijana anayelishwa nyumbani na hatakiwi kutoka. Dalili zake hazifichiki: majani ya kijani kilichokolea mpaka yanaelekea weusi, shina nene kuliko kidole gumba karibu na ncha, majani ya juu yanajikunja kuelekea chini, na vishada vya maua ni vichache au vyembamba. Wakati mwingine kishada kinaishia kwa kutoa jani badala ya ua.

Urea nayo ni vivyo hivyo, tena kwa kasi zaidi, maana asilimia 46 yake ni naitrojeni tupu. Kijiko kimoja kilichorushwa karibu na shina kinatosha kuvuruga mmea mmoja kwa wiki kadhaa.

La kufanya ni kuacha. Najua linakera, mtu ameuliza afanye nini anaambiwa aache. Lakini acha kabisa mbolea zote za naitrojeni kwa wiki 3 au 4. Kwenye kichanga, mwagilia mara moja au mbili kwa maji mengi ili iliyozidi ishuke chini ya mizizi. Konzi moja ya majivu ya kuni ikizungushwa shinani na kufukiwa kidogo huongeza potasiamu na chokaa, ila mara moja tu kwa msimu, kwa kuwa majivu yanapandisha ualkali wa udongo. Na usichanganye majivu na mbolea ya kuku au urea kwenye ndoo moja. Naitrojeni itapaa hewani kama harufu, na utaisikia.

Msimu ujao, weka samadi au mboji iliyooza vizuri shimoni kabla ya kupanda, konzi mbili tatu na kuchanganya na udongo. Halafu mikono mfukoni mpaka uone matunda ya kwanza yamefika ukubwa wa gololi. Hapo ndipo mmea unastahili kuongezewa, kwa NPK au mboji, kwa sababu sasa una watoto wa kulisha.

Nyuki hawaji kwangu. Na ua dume nalitambuaje?

Hakuna ua dume. Swali hili linatoka kwa watu waliozoea maboga na matango, ambayo yana maua ya kiume peke yake na ya kike peke yake, na huhitaji mdudu wa kubeba chavua. Ua la mnyanya lina vyote viwili ndani ya ile koni ya manjano. Linajichavusha lenyewe.

Ila linahitaji kutikiswa. Chavua imefungiwa ndani ya koni kama chumvi kwenye kichupa chenye matundu, na bila mtikiso haitoki. Upepo unafanya kazi hiyo, na uani pasipo na ukuta mrefu unatosha kabisa. Nyuki wa asali hasaidii sana kwa sababu hawezi kulitetemesha ua. Anayeweza ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao za kenchi na kukufanya ufikiri paa linaanguka. Yeye hulishika ua, huguna kwa kutetemesha misuli ya mbawa zake, na chavua inamwagika. Ukimwona, mvumilie. Anapenda sana maua ya mbaazi, kwa hiyo mistari miwili ya mbaazi kando ya ua wa nyumba inamleta.

Kwetu wazee walikuwa wanaupiga mwembe usiozaa kwa ubapa wa panga ili "uamke". Sijui kama mwembe uliwahi kusikia. Lakini mnyanya ukipigwa kidogo unasikia kweli.

Natikisaje, na saa ngapi?

Kati ya saa tatu na saa sita mchana, umande ukiwa umekauka. Chavua yenye unyevu inagandamana haitoki, na ya saa nane kwenye jua kali imeshakauka. Gonga kikonyo cha kishada kwa kidole mara tatu nne, kama unayegonga sigara kuondoa majivu, au gonga ile fito inayoegemeza mmea. Mwenye mswaki wa umeme uliochoka auguse nyuma ya kikonyo kwa sekunde mbili. Ua lililo tayari ni lile ambalo petali zake zimepinda kurudi nyuma. Rudia kila siku au siku moja baada ya nyingine, maana kishada hakifungui maua yake yote pamoja.

Ni muhimu hasa kwa wenye kitalu nyumba, kibaraza kilichozibwa au ua wenye ukuta wa tofali pande zote. Hapo upepo haufiki, na watu wanadhani wana mbegu mbovu.

Nitajuaje kuwa limeshika?

Siku tatu mpaka tano baada ya kufunguka, petali zinafumba na kunyauka lakini vikonyo vinabaki vya kijani, na katikati utaona kichwa cha pini. Ua lisiloshika linaanza kugeuka manjano kwenye kile kifundo kilicho katikati ya kikonyo, halafu linakatika hapo hapo, safi, kama limekatwa kwa wembe. Ukiokota maua chini na yote yamekatikia kwenye kifundo, ni mmea wenyewe ulioamua. Yakiwa yametafunwa, umelala na adui.

Kishada cha kwanza kimeanguka chote. Nihofu?

Hapana. Mmea bado mdogo, mara nyingi unakiacha. Hofu kikianguka cha tatu.

Nimwagilie kiasi gani?

Swali zuri zaidi ni kwa utaratibu gani. Mnyanya ukikaushwa mpaka ukanyauka, halafu ukafurikishwa, halafu ukasahauliwa tena Jumamosi na Jumapili, unaangusha maua ili kujiokoa. Ingiza kidole mpaka kiungo cha pili. Pakiwa pakavu, mwagilia. Kwenye kichanga cha Dar inaweza kuwa kila siku, kwenye mfinyanzi wa Arusha mara mbili au tatu kwa wiki. Mwagilia asubuhi, shinani, usilowanishe maua wala majani, kwani majani yanayolala na unyevu ndiyo yanayokaribisha ugonjwa wa bakajani.

Wenye visima Pwani, onjeni maji yenu. Si mzaha. Maeneo mengi karibu na bahari maji ya kisima yana chumvi, na kila unapomwagilia unaacha chumvi kidogo ardhini. Mnyanya unaistahimili kuliko maharage, lakini ikikusanyika kwenye ndoo uliyopandia kwa miezi mitatu mmea hudumaa, kingo za majani zinaungua, na maua yanapungua. Kinga maji ya mvua kwa pipa wakati wa masika, na mara moja kila wiki mbili suuza ndoo zako kwayo mpaka yatoke chini.

Nina kibaraza tu na ndoo. Inawezekana?

Inawezekana, na ndivyo nilivyofanikiwa mara ya kwanza. Ndoo ya lita 20, mmea mmoja. Si miwili, hata kama miche imebaki na roho inauma. Toboa matundu chini, jaza udongo uliochanganywa na mboji. Kinachoshinda wengi wa vibarazani si ndoo ila jua. Mnyanya unataka jua la moja kwa moja kwa muda wa saa 6 kwa siku, na 8 ni bora zaidi. Ukipata saa 3 au 4 tu kwa siku utarefuka ukitafuta mwanga, utatoa maua machache, na hayo yatapukutika. Kaa siku moja ya mapumziko uhesabu jua linafika kwenye kibaraza saa ngapi na linaondoka saa ngapi. Likiwa halitoshi, panda sukuma wiki au mnanaa, uokoe moyo wako.

Ndoo nyeusi ikipigwa na jua la mchana inapika mizizi. Izungushie gunia.

Nichague mbegu gani?

Kwa uani, naona tofauti kubwa iko kwenye ukubwa wa tunda kuliko jina kwenye pakiti. Nyanya ndogo, zile za ukubwa wa zabibu zinazotoka kwa vishada virefu, zinashika kwenye joto ambalo nyanya kubwa za saladi haziwezi kabisa. Anayelima Pwani nje ya kipupwe asipande nyingine.

Katika zile za kawaida, Tanya na Tengeru 97, zilizotokana na kazi ya watafiti wa Tengeru, Arusha, zimezoeleka nchini na hazina mikogo. Cal J na Rio Grande ni aina fupi, zinakaa vizuri kwenye nafasi finyu na hazidai fito ndefu, lakini zinachanua kwa mpigo, kwa hiyo ukikosea msimu umekosa vyote. Money Maker ni ndefu, tamu kwa kachumbari, ila inalalamika na joto. Anna F1, inayopendwa sana kwenye vitalu nyumba Kenya, nayo ni ndefu. Kumbuka kwamba mbegu uliyokamua kutoka nyanya ya F1, yaani chotara, haitazaa mtoto anayefanana na mama yake.

Zimeshika, lakini zimebaki kama punje za njegere wiki ya tatu sasa.

Ua lilipata chavua kidogo au mbovu. Mbegu ndani ya tunda ndizo zinazolituma tunda likue, na tunda lenye mbegu chache hubaki dogo au linakuwa na mbavu mbavu na uwazi ndani. Rudi kwenye joto na kutikisa. Zile punje zikate, zinakula bure.

Kitako cha nyanya kinaoza, cheusi na kikavu. Ni ugonjwa?

Hapana, na wala si suala la kushika tunda. Kitako kinaoza pale kalsiamu isipofika mwisho wa tunda, na mara nyingi kalsiamu ipo udongoni ila maji ya kuibeba yanakuja kwa kurukaruka. Rekebisha umwagiliaji, punguza naitrojeni. Maganda ya mayai ni mazuri lakini yanaoza polepole mno kuokoa msimu huu.

Majani ya juu yamejikunja, yamekuwa madogo na manjano kingoni. Maua yanadondoka.

Hiyo yawezekana ni rasta, virusi vinavyoenezwa na nzi weupe. Mmea uliopata rasta ukiwa mdogo hauzai kitu, na hakuna dawa ya kuuponya. Ung'oe, uuweke kwenye mfuko, uutupe mbali au uuchome, leo hii. Kumuonea huruma mmoja ni kuwapa ugonjwa wote. Kinga ni kuwafunika miche kwa neti ya vitundu vidogo kitaluni, na kutoacha minyanya mizee ya msimu uliopita ikiwa imesimama pembeni na nzi wake.

Usichanganye na majani yanayojikunja kama bomba wakati wa jua kali lakini yakabaki ya kijani. Hayo yanajihifadhi, jioni yanalegea.

Wadudu gani wanakula maua yenyewe?

Kantangaze ndiye mwenye sifa mbaya zaidi tangu aonekane nchini mwaka 2014. Utamjua kwa mabaka meupe kama malengelenge kwenye majani, na viwavi wadogo wanaoingia kwenye vichomozo na matunda. Kwa miche michache, kagua kila jioni, chuma majani yenye mabaka uyafunge kwenye mfuko wa plastiki na kuuacha juani. Thiripi, vile vidudu vyembamba vinavyojificha ndani ya ua, utawaona ukikung'uta ua juu ya karatasi nyeupe. Ukilazimika kupuliza dawa, pata ushauri wa bwana au bibi shamba wa kata yako, fuata kipimo na siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na puliza jioni, yule nyuki mweusi akiwa amelala.

Busta zinasaidia? Na maji ya mchele, maziwa, chumvi?

Busta nyingi ni virutubisho vya kupuliza kwenye majani. Zinasaidia mmea uliopungukiwa, hasa boroni na kalsiamu kwenye kichanga kilichochoka. Hazipozi usiku. Zipo pia dawa zenye homoni zinazolazimisha ua kushika bila chavua. Zinafanya kazi, lakini nyanya hutoka bila mbegu, mara nyingi ina uwazi ndani, na kipimo kikizidi majani yanajipinda kama yamepigwa na dawa ya magugu. Kwa miche kumi ya nyumbani sioni sababu.

Maji ya mchele hayana dhara. Chumvi inalo.

Nipunguze machipukizi?

Aina ndefu, ndiyo: yang'oe yale yanayotoka kwenye kwapa kati ya shina na jani yakiwa marefu kama kidole, ubakize shina moja au mawili. Aina fupi usiguse, maana maua yake yako huko huko. Na usivue majani yote ili "jua liingie". Nimemwona jirani akibakiza shina na maua tu. Nyanya ziliungua upande mmoja kama zimewekwa kwenye jiko.

Niko Maskati, na kina babu Unguja wananicheka. Mnyanya wangu wa Juni haujatoa hata moja.

Juni ya Maskati usiku hukaribia nyuzi 30. Sia Septemba, maua yaje Novemba mpaka Machi. Babu angekuwa huko naye asingepata.

Zimeshika, zimekua, ila zinabaki za machungwa haziivi kuwa nyekundu.

Joto tena. Rangi nyekundu ya nyanya haitengenezwi vizuri likizidi nyuzi 30. Zichume zikianza tu kugeuka rangi kitakoni, zipange jikoni kwenye ungo mahali pa kivuli, zisigusane, na usiziweke kwenye friji. Siku nne tano zinakuwa nyekundu. Na ndege hawatakuwa wamezionja kabla yako.